Gambuti Langu Kwenye Kiwanja cha Ndege

Leo nimepatikana, jamani.

Mnajua kazi yangu hapa Gendabi, naangalia kiwanja cha ndege. Kile cha udongo, ndiyo, mnachokiita malisho. Kabla ndege haijatua nakitembea chote, nakanyaga kwa kisigino, kisha namwambia rubani kwa redio kama ni kigumu au kimelainika. Anatua kwa neno langu. (Neno langu mimi!)

Leo ilikuwa inakuja ndege ya wagonjwa kumchukua dada mjamzito, hali yake mbaya. Usiku mvua ilinyesha. Nikavaa magambuti yangu mapya meupe, nikaanza kukanyaga. Nusu ya kwanza, kigumu safi! Katikati nikamkuta Mzee Gidabat, baba wa yule dada, akiondoa ng'ombe wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Endagikot, kwenu Wambulu, hawajambo? Mvua huko? Mahindi je?"

Mzee ambaye binti yake yuko hatarini, utamkatisha salamu? Nikajibu zote. Mara ngurumo. Ndege hiyo! Nusu ya pili, ya mashariki, nikaikagua kwa macho tu. Juu palionekana pamekauka.

"Kiwanja kigumu chote," nikasema redioni. (Kwa sauti nzito, kama bosi.)

Nikakimbia nivuke upande wa pili. Mguu ukazama mpaka gotini.

"Rubani, usitue! Nusu ya mashariki ni tope!"

"Umejuaje?"

"Nimo ndani yake!"

Nikachomoa mguu, gambuti likabaki. Ndege, iliyokuwa imeanza kushuka, ikapaa tena, ikazunguka upande wa mlimani, ikarudi. Jamani! Lidude lote lile lilishuka kama yangeyange anavyotua mgongoni mwa ng'ombe. Likagusa nusu ngumu, likasimama kabla ya gambuti. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Rubani akashuka, binti mdogo tu. "Shikamoo baba. Hilo gambuti limenisaidia, nililitazama hilo tu."

Umati mzima ukageukia mguu wangu mtupu.

Mzee Gidabat alikuwa ameshampandisha binti yake. Akapangusa macho, akanitazama. "Ninyi Wambulu! Mkiona ardhi, lazima mlime?"

Watu hoi kwa kicheko. Hata mgonjwa alitabasamu.

Kabla ya kuruka, rubani akauliza redioni, wote wakisikia: "Hali ya kiwanja?"

"Kigumu," nikajibu, "mpaka kwenye gambuti."

Jioni hii mzee amenipigia. Dada amejifungua salama, mtoto wa kiume. Wamemwita Gambuti.

Chekeni basi, ila polepole. Mtoto amelala.