Chanjo Niliyojichanja kwa Wembe wa Baba

Leo nimeumbuka. Nina nusu saa tu kwenye kompyuta hii ya kulipia hapa Mikumi, na naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nakiri moja kwa moja: wiki iliyopita nilijitengenezea chanjo. Mimi, wa kidato cha tatu, mwenye alama za baiolojia ambazo sitazitaja. Na nusura nimponze mpwa wangu wa wiki sita.

Mnakijua kile kidonda cha homa kinachonitoka mdomoni kila mitihani ikikaribia. (Ndiyo, kile mnachoniuliza nimembusu nani. Hakuna. Ningewatangazia.) Sasa, mwalimu alitufundisha kwamba chanjo huwaonyesha askari wa mwili sura ya adui. Na bibi yangu wa kijijini Vidunda huchanja watu chale, akapaka dawa. Nikaunganisha elimu zote mbili. Nikachukua wembe wa baba, nikajichanja kidole cha shahada, nikapaka majimaji ya kidonda. Askari waamke.

Kilichoamka ni kidole. Kikavimba, kikatoa malengelenge, kikauma hadi kwapani. Nikakificha mfukoni siku nne.

Leo mama kaniambia nimsindikize kliniki, mtoto wa dada akachanjwe. Tulipofika akasema, "Hebu mshike nifunge kanga."

Nikatoa mkono mmoja.

"Huo mwingine umeukodisha?"

Akauvuta. Akanipeleka hadi kwa daktari, mlango wazi, nje benchi limejaa akina mama na watoto wao. Katikati yao, mwalimu wangu wa baiolojia, naye kapakata wake.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Kidole kimefanyaje?"

"Nimeumwa na nge."

"Nge wa kuchora mistari mitatu iliyonyooka?"

Nikasema yote. Benchi zima likacheka.

"Nani kakufundisha hayo?" daktari akauliza. Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama dari.

"Huyo simfahamu," akasema.

Daktari peke yake hakucheka. "Askari wako wanakijua hicho kirusi tangu utotoni, ndiyo maana kidonda hukauka chenyewe. Ila kirusi hukimbilia kwenye mshipa wa fahamu, kikalala humo. Ukichoka, kinatoka tena. Chanjo ya kumtibu mtu ambaye tayari anacho, wataalamu bado wanaitafuta. Wewe umekifungulia tawi kidoleni." Kisha akamgeukia mtoto. "Huyu umempa kidole anyonye?"

Mama akamvuta mtoto kifuani. Maana kila jioni akilia, ni mimi ninayempa kidole. Hicho hicho.

"Tangu nijichanje, hapana. Kiliuma, kisha nikawa nakificha."

"Na kumbusu?"

"Mdomo ulikuwa unauma."

"Basi aibu yako imemsaidia. Wengi tunakipata hivyo, kwa kubusiwa na wakubwa. Kwa mkubwa ni kidonda tu. Mtoto mchanga kama huyu, kinaweza kumuua."

Akampima mtoto, akamkuta mzima. Mimi nikafungwa bandeji, nikaambiwa nisimguse hadi kidole kikauke kabisa.

Njiani nilitembea hatua tatu mbele ya mama, nikisubiri kofi la kisogoni. Halikuja. Tulipokaribia nyumbani akasema:

"Hicho cha mdomoni nilikupa mimi. Mimi pia hunitoka. Ulikuwa mdogo kama huyu, nakubusu kutwa nzima, hakuna aliyenikataza. Huyu tutambusu miguu."