Dakika Mbili za Simu ya Kamachumu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mzee Karugendo, bosi wetu, katuita. Simu za intaneti kati yetu hapa Rwamishenye na ghala letu la kahawa Kamachumu zinakatika tangu mwezi uliopita. Jumamosi alikatiwa katikati ya kupanga bei! Atakayegundua sababu kabla ya Ijumaa jioni ndiye msimamizi wa mtandao wa ofisi zote mbili. Mafundi tuko wawili: mimi Dastan, miaka sita kazini, na Joanitha wa Hamugembe, miezi saba. Cheo ni changu. Nimeshachagua kiti.

Joanitha kashauri tuhifadhi data ya kila simu, tuichambue baadaye: ilianza saa ngapi, sauti ilichelewa kiasi gani, vipande vingapi vilipotea njiani. Maneno ya watu hayatuhusu. Wazo zuri sana. Limeniuma kwamba si langu.

Jumanne, 17 Juni
Nimeliboresha. Diski yangu ni ndogo, simu ni nyingi. Mpishi huonja kijiko kimoja, hamalizi sufuria! Nimeipanga mashine yangu ihifadhi dakika mbili za kwanza tu za kila simu. Joanitha anahifadhi simu nzima, kwenye diski aliyoazima parokiani. Nikamwambia anajitesa. Akajibu kwa upole kwamba bado hajui tatizo liko wapi, kwa hiyo hajui atupe nini. Maringo, nikajisemea. Mpaka sasa nalirudia kichwani jibu hilo. Ni zuri kweli.

Jumatano, 18 Juni
Ushindi! Simu arobaini na moja, zote safi, hakuna kipande kilichopotea. Nimempelekea bosi ripoti: mtandao hauna kasoro, tatizo ni Mama Agnetha, mtunza ghala wa Kamachumu, anabonyeza ovyo. Nimetia sahihi: Dastan, Msimamizi Mtarajiwa.

Alhamisi, 19 Juni
Mama Agnetha kampigia bosi. Bosi kaweka spika, tusikie wote. Mama kaanza inavyopasa: tumeamkaje, mama watoto je, yule mtoto aliyekuwa na homa je, migomba imesimama baada ya upepo ule? Bosi naye kashukuru kwa Kihaya, kasinge waitu, kauliza ya kwake, mmoja mmoja. Mama yule anajua kusalimia! Hata mimi niliulizwa habari za mama yangu wa Muleba, nikalainika. Sauti safi muda wote. Ndipo akasema: sasa, kuhusu hiyo ripoti.
Simu ikakatika.
Joanitha hakucheka. Mimi nikafungua tena mashine yangu. Simu arobaini na moja, na nilichohifadhi chote ni salamu.

Ijumaa, 20 Juni
Joanitha kabandika mchoro ukutani. Simu mia moja na mbili, mistari yote imetulia hadi dakika ya tano, kisha inaanguka kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikitoka ofisini kwetu. Kifaa chetu cha mtandao kinafunga njia ya simu ikitimiza dakika tano! Kabadilisha mpangilio mmoja, na bosi kaongea na Mama Agnetha dakika ishirini na sita bila kukatika.

Bosi kauliza nani aliweka mpangilio ule. Mimi. Mwezi Mei, ili watu wapunguze soga. Nilikuwa nimesahau kabisa! Joanitha anajua, jina langu limo ndani ya kifaa, ila hakunitaja. Akasema tu ni mambo ya zamani, yameshaondolewa. Moyo ulirudi mahali pake. Cheo kapewa yeye, na mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote. Binti yule ana akili, na ana utu.

Jumamosi, 21 Juni
Nimempigia mama Muleba, nimsimulie. Kuagana peke yake kumechukua dakika saba: nimsalimie shangazi Klaudia, nimsalimie padri, nisisahau kula, haya basi, halafu tena nimsalimie shangazi Klaudia. Nimekata simu nina furaha, na nimeliona kosa langu lote. Nilihifadhi mwanzo! Jumatatu asubuhi nampelekea Msimamizi Joanitha mpango mpya, na hautahitaji diski ya parokia: tuhifadhi dakika mbili za mwisho tu.