Mashtaka Dhidi ya Jua la Juni

Shule ya Misheni, juu ya Kimandolu
Mwezi wa Juni, 1912

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Arusha.

Bwana Mkubwa, shikamoo. Mimi ni Namnyaki binti Simel, mwanafunzi wa darasa la juu. Baada ya kukutakia afya njema, naleta mashtaka yangu kwa unyenyekevu. Ninayemshtaki ni jua.

Najua una kazi nyingi. Lakini tumefundishwa kwamba kila kitu katika nchi hii kiko chini ya Serikali, nami nimeona kwa macho yangu: Boma liliposema barabara inyooke, ilinyooka, hata ilipopita katikati ya migomba ya bibi yangu. Kwa hiyo sioni kwa nini jua liachwe lifanye lipendavyo.

Kitabu chetu cha elimu ya dunia, kilichotoka Ulaya, kinasema kwamba saa sita mchana jua huwa kusini, na ukielekea kivuli chako, mbele yako ni kaskazini. Wiki iliyopita Bwana Mkaguzi alikuja kutufanyia mtihani. Alitutoa nje saa sita, akaniambia nielekee kivuli changu nitaje pande za dunia. Nikaelekea. Kivuli kilikuwa kimelala upande wa mbugani, na Mlima Meru ulikuwa nyuma yangu. Mlima uko kaskazini mwa shule. Hata ng'ombe wetu wanajua. Nikasema mbele yangu ni kusini. Bwana Mkaguzi akatazama kitabu, mlima hakuutazama, akasema nimeshindwa. Elisaria, mwana wa mzee wa kanisa, akasimama palepale niliposimama, akasema mbele yake ni kaskazini, akasifiwa. Tangu siku hiyo ananiita Mama Kusini.

Ningenyamaza, lakini baba aliahidi kwamba nikishinda nitaendelea na masomo niwe mwalimu wa watoto wadogo, na nikishindwa nitaolewa na Lerionka. Lerionka ni mtu mzima mwenye ng'ombe wengi na mizinga ya nyuki, na amekwisha kuleta kibuyu cha asali ya posa. Kimetundikwa karibu na mlango, nami nakiona kila niingiapo. Kukifungua ni kuikubali posa, na mama amemwomba baba asikifungue mpaka Boma lijibu. Baba alicheka, akauliza kama siku hizi jua nalo huitwa shaurini, na ni askari gani atakayekwenda kulikamata. Lakini hajakifungua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua la Juni linapita upande wa kaskazini waziwazi, juu ya mlima, mbele ya watu wote, bila ruhusa ya kitabu.

2. Kama Elisaria ana haki, basi mlima uko kusini. Mlima ukiwa kusini, mashariki na magharibi nazo zimebadilishana. Kikatiti, iliyo katika njia ya Moshi, imehamia magharibi, na Elerai imekwenda mashariki bila kuaga. Wapagazi wako wanaokwenda Moshi wakikifuata kitabu hiki, mizigo yako itafika umasaini. Tena asubuhi ya mtihani jua lilichomoza magharibi, wala hakuna jumbe aliyetoa taarifa.

3. Mwezi umefuata mfano mbaya. Katika picha ya kitabu mwezi mchanga umesimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani. Huku kwetu unalala chali kama pembe za ng'ombe. Mdogo wangu wa kike, Nalepo, aliiona picha, akaniuliza nani ameuangusha wa kwetu.

4. Kitabu kinasema Juni kuna joto na Desemba kuna theluji. Naandika haya nimejifunika ngozi ya bibi, na ukungu umeingia hata darasani. Desemba tunatokwa jasho. Theluji tunayo, lakini iko Kibo, nayo hukaa huko mwaka mzima bila kuuliza ni mwezi gani.

Nimeitafuta dawa. Ya kwanza ni kuuhamishia mlima upande wa pili wa shule, lakini ni mzito, na wazee wetu bado wanaumwa migongo tangu walipobeba mawe ya Boma. Ya pili ni kukibadili kitabu, lakini hilo haliwezekani, kwa kuwa kimekwisha kupigwa chapa. Imebaki ya tatu, kwamba jua liamriwe. Naomba liamriwe kwa upole. Lisipigwe viboko hamsa ishirini, maana likilazwa kifudifudi uani pa Boma, mahindi yetu hayatakauka.

Nisalimie askari wa lango, mpiga tarumbeta na mpishi wako. Baba, mama, bibi na Nalepo wanakusalimu sana.

Ni mimi, niliye chini ya Serikali na chini ya jua hilohilo,
Namnyaki binti Simel

Nyongeza, mwezi wa Novemba. Bwana Mkubwa, nisamehe. Mwalimu wetu Solomoni aliichukua barua hii anisahihishie herufi kubwa, akaiweka ndani ya kitabu chenyewe cha elimu ya dunia, akaisahau. Ameiona juzi, Bwana Mkaguzi alipopita tena akirudi pwani. Tulitolewa nje saa sita. Nikaelekea kivuli changu, nacho kilikuwa kimeelekea mlimani. Jua lilikuwa kusini, kama lilivyoandikiwa. Nikasema mbele yangu ni kaskazini, nikashinda. Elisaria alikuwa amekariri kwamba mlima hukaa nyuma, akaupa mgongo pamoja na kivuli chake, akashindwa. Sijamwita jina lolote bado. Baba amemrudishia Lerionka asali yake, ingawa kibuyu kilikuwa chepesi kidogo kuliko kilipokuja.

Tangu Juni nilisimika kijiti uani. Kivuli chake cha mchana kilifupika, kikatoweka mwanzoni mwa Oktoba, kisha kikatokea upande wa pili. Kumbe jua haliasi. Dunia ndiyo iliyoinama, na jambo hilo limo katika kitabu hichohicho, kwenye ukurasa ambao hatukuufikia.

Kwa hiyo nayafuta mashtaka yote, nami naomba jambo moja tu badala yake: Bwana Mkaguzi asitujie tena mwezi wa Juni. Nalepo anakua, na mizinga ya Lerionka ni mingi.