Mtaro Wangu na Kuta za Pranabesh

Jumatatu, 3 Julai

Mvua tangu alfajiri. Maji yamefika ngazi ya pili. Siku nyingine ningefurahi, maana hakuna tangazo la kitabu changu linaloshinda mafuriko. *Mtaro wa Wadi Yetu: Siasa za Maji Machafu Kolkata.* Leo sina furaha hata chembe.

Nimekunja suruali hadi magotini, nikavuka maji mpaka Mtaa wa College kwa mchapishaji wangu, Mzee Kundu. Nia: kumkumbusha apeleke kitabu changu kwenye Tuzo ya Bibi Hemnalini, ile ya vitabu vya siasa. Nikamkuta anatafuna bisi za mchele kwa pilipili mbichi. Akasema hamna shida, ila mwaka huu kanuni zimebadilika, kila mchapishaji anapeleka kitabu kimoja tu. Nikamwuliza sasa tatizo liko wapi. Akanitazama kwa huruma. Akauliza, na cha Pranabesh je?

Pranabesh Bagchi! Rafiki yangu tangu chuo, jirani yangu nyumba ya tatu, mwiba wangu wa maisha. Mtihani wa mwisho, yeye wa kwanza, mimi wa pili. Cheo, yeye kwanza, mimi baadaye. Hata nywele bado anazo! Kitabu chake kinahusu maandishi ya kampeni kwenye kuta za mji. Kuta! Mjusi naye anazijua kuta, mbona hatumpi tuzo?

Kundu hajasoma hata kimoja. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa ya wiki ijayo, akasema, na atapeleka kile kitakachozungumzwa zaidi. Akaongeza kwamba changu kimezungumzwa na mtu mmoja tu mpaka sasa, mchukuzi wa ghalani, aliyeuliza kwa nini ni kizito hivyo.

Nimekaa miaka mingi nyuma ya mgongo wa Pranabesh. Hii tuzo ni yangu. Nikiikosa hii, basi tena.

Jumatano, 5 Julai

Nimepata! Nimepata usiku, nikakaa kitandani ghafla mpaka mke wangu Malabika akadhani ni gesi ya tumbo.

Mji huu una maandamano ya kila kitu. Bei ya vitunguu, vita vya nchi za watu, kocha wa timu ya mpira. Kitabu cha siasa ambacho hakijaandamaniwa ni cha siasa kweli? Dawa ni moja: kichomwe hadharani. Kesho yake mji mzima utakiulizia.

Nikaenda klabu ya vijana. Mwenyekiti wa vijana ni Ghontu, mtu wa miaka arobaini na kitambi chake. Nikamweleza. Akauliza, Mwalimu, kwani umemtukana nani humo? Nikasema nimetukana vyama vyote, kila kimoja na sura yake. Akafurahi sana. Akasema hapo watu watajaa, maana kila mtu atakuwa na hasira yake mwenyewe. Malipo yake ni bao jipya la keram, ule mchezo wa kusukuma vikete kwa kidole. La zamani limeliwa na mchwa.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Malabika akauliza nimefanya nini tena.

Ijumaa, 7 Julai

Balaa. Ghontu anataka nakala ya kuchoma.

Nikatoa moja kabatini. Nikaifungua kidogo tu. Nikaangukia sura ya saba, ile ya kalvati. Loo, ilivyoandikwa! Nilisoma mpaka chai ikapoa. Hiki ndicho kichomwe? Na mikono ya Ghontu? Siwezi.

Kisha jicho langu likatua kwenye kitabu cha Pranabesh, ile nakala aliyoniletea mwenyewe na sanduku la peremende za maziwa. Peremende nilikula. Kitabu sijawahi kukifungua. Mchapishaji mmoja, unene mmoja, kimo kimoja! Nikalivua jalada lake la karatasi, nikakivisha jalada langu, lenye jina langu na picha yangu ya miaka ile nina nywele. Kimekaa kama kimeshonewa kwa fundi.

Yaani jina linalowaka ni langu, kinachoungua ni cha Pranabesh! Nikacheka peke yangu.

Malabika aliniona. Akasema, Baba Tukun, kama unataka kitabu chako kichomwe, si ukichome kitabu chako? Huyu hajui mikakati.

Jumapili, 9 Julai

Maandamano. Nimetazama kutoka darini, chini ya mwavuli. Watu wengi kuliko nilivyotarajia! Wengine walikuja wakidhani ni habari ya umeme. "Haikubaliki! Haikubaliki!" Nilikaribia kulia kwa fahari. Mpiga picha wa gazeti naye alikuja. Nilikuwa nimempigia simu mimi mwenyewe, nikiigiza sauti ya mtu wa bara.

Kisha mvua. Ghontu kamwaga mafuta ya taa, kawasha kiberiti, wapi. Kawasha tena, wapi. Jalada limelowa chepechepe. Nikaona anakuna kichwa. Nikaona anafikiri. Ghontu akifikiri, ujue kuna hasara. Akalichana jalada lote, akalitupa mtaroni! Jina langu na nywele zangu zikaondoka na maji machafu kuelekea mferejini, kwenye mtaro ule ule nilioutumikia kwa kalamu miaka minne.

Kitabu kikawaka vizuri sana. Mpiga picha akasogea.

Jumatatu, 10 Julai

Ukurasa wa kwanza! Kitabu cha Pranabesh kinawaka, jina lake kwenye gamba gumu linasomeka mpaka ng'ambo ya barabara. Kwenye kibanda cha chai hamna mazungumzo mengine. Watu wasiosoma hata tiketi ya basi wanasema kalamu ya Bagchi imewachoma wakubwa. Mmoja akaniuliza mimi kama nimekisoma. Mimi!

Kundu akapiga simu. Pole Mwalimu, anapeleka cha Pranabesh, maduka yanakililia. Eti ameanza hata kukisoma mwenyewe! Cha kwangu hakukigusa.

Wivu unanila. Mchana palikuwa na samaki ilishi kwa haradali na sikuweza kula. Malabika amekula kipande changu pia, akasema kimetoka vizuri.

Jumanne, 11 Julai

Pranabesh alikuja jioni. Nikadhani kaja kujisifu. Hapana, alikaa na kikombe chake, amenywea. Akasema, Shibu, mtu anaweza kuandika kitabu kwa moyo wote na watu wakakichoma tu. Nikampa pole. Nilifurahi kidogo, nakiri.

Mara hodi. Ghontu! Ameshika mabaki ya kitabu, nusu mkaa, kaja kuonyesha kazi imefanyika na kudai bao lake la keram. Kabla sijamfikia, Pranabesh alishakipokea na kufungua ukurasa wa kwanza. Kumbe aliniandikia maneno! Kwa mwandiko wake, moto haukuufikia: *Kwa Shibu, aliyekuwa akinisahihishia insha zangu. Bila wewe nisingekuwa wa kwanza.*

Nilikuwa nimesahau zile insha.

Pranabesh akamgeukia Ghontu kwa hasira, akauliza wamekipata wapi. Ghontu akafungua mdomo, Mwalimu mwenyewe ndiye... Nikaropoka haraka kwamba bao atalipata kesho, na vikete vyake, na unga wake wa kutelezesha, aende zake! Akaenda.

Pranabesh akanikodolea macho. Machozi yakamjaa. Akasema, yaani waliivamia nyumba yako wakakiiba, na bado unawalipa ili urudishiwe mabaki ya kitabu changu? Akanikumbatia. Malabika akatoka chumbani mbio, kashika upande wa sari mdomoni. Nadhani alikuwa anacheka.

Pranabesh akaondoka bila kumaliza chai. Akasema anajua la kufanya.

Jumatano, 12 Julai

Sikulala. Kukumbatiwa na mshindi! Atapanda jukwaani, atanitaja kwa mapenzi, na mimi nitapiga makofi kutoka safu ya pili. Ya pili tena!

Nimepiga simu ofisi ya Tuzo. Wafadhili wao ni wenye kiwanda cha biskuti, watu waoga. Sauti ya mtu wa bara. Nikasema tumeona gazetini, na mkipokea kitabu chochote kutoka kwa Kundu mwaka huu, tunakuja ukumbini na mafuta ya taa. Binti wa ofisi akaniomba nirudie polepole, anaandika. Nikarudia. Akasema asante, baba.

Nimekula wali sahani mbili.

Ijumaa, 14 Julai

Siwezi kuandika vizuri.

Kundu alikuja mwenyewe, kalowa. Akasema Pranabesh alipotoka kwangu Jumanne alikwenda moja kwa moja kwake. Kamsihi mpaka kapiga magoti. Kitabu cha kuta kitolewe, kipelekwe cha Shibu, mtu asiye na wivu hata kidogo, na kisiri-siri, ili nishtukizwe. Kundu akakubali. Jana akapeleka *Mtaro wa Wadi Yetu*, nakala sita. Leo zimerudishwa zote sita. Hazijafunguliwa! Ofisi imetishwa na mhuni mmoja kwa simu, na muda wa kupeleka umekwisha. Kundu akasema huyo mhuni angekuwa mikononi mwake sasa hivi! Nikamwambia na mimi pia.

Malabika hakucheka safari hii. Alinitazama tu, akaniwekea chai.

Jumapili, 16 Julai

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la Pranabesh. Nani alimtuma afanye wema kimyakimya? Angeniambia, nisingepiga simu. Kunifichia jambo namna ile, huo ni urafiki?

Mwakani, Kundu ameahidi, ni zamu yangu. Lakini leo asubuhi Pranabesh kaja mbio, uso unang'aa. Ameanza kitabu kipya. Kinahusu mji huu, siasa zake, na rafiki mmoja aliyesimama peke yake mbele ya wachoma vitabu. Mimi ndiye shujaa kuanzia sura ya kwanza. Akanisomea kurasa kumi. Ni nzuri. Ni nzuri mno! Kwa kitabu hicho atanishinda tena, na safari hii kwa kutumia mimi.

Alipoondoka nikashuka klabu. Nikamwuliza Ghontu kama vijana bado wamepungukiwa na kitu. Akafikiri. Akasema meza ya tenisi.

Kesho nakwenda kuulizia bei.