Thelathini-Thelathini na Pindo la Shati

Jumamosi, 12 Novemba 1988

Siku tatu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Nimenunua boksi mbili za risasi za thelathini-thelathini. Lempi, mke wangu, akauliza kama zile boksi sita za darini zimeliwa na panya. Nikamweleza kwa upole kuwa zile ni akiba, hizi ni za kutumia. Hakucheka.

Niandike hapa, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza: hakuna risasi kama thelathini-thelathini. Fupi, nono, yenye heshima zake. Pua yake ni bapa, kwa sababu kwenye bunduki hizi za zamani risasi hulala foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, pua ya hii kwenye kitako cha ile. Ya kuchongoka ingeweza kumlipua mwenzake. Hii haina tabia hizo. Unashusha mkono wa chuma, unaurudisha, klik-klak, nyingine imeingia! Babu alikula kulungu kwa risasi hii kila mwaka. Baba vilevile. Mimi nina miaka kumi na moja sijapata kitu, lakini kosa si la risasi.

Ensio, kaka yake Lempi, kapita jioni kutuonyesha bunduki yake mpya. Darubini yake kubwa kama chupa ya chai. Eti inapiga hatua mia nne! Nikamuuliza kwenye msitu wetu huu ni wapi anapoona hatua mia nne. Akasema, "Shemeji, hicho kirisasi chako bado wanakitengeneza? Nilidhani walikizika na babu yako." Hapo Lempi alicheka.

Halafu balaa. Kambini kwetu, anayefyatua akakosa hukatwa pindo la nyuma la shati, kisha kitambaa hugongwa ukutani kwa msumari, na jina na mwaka juu yake. Ukutani viko kumi na sita. Kumi na moja ni vyangu. Mashati yangu yote yanaishia kiunoni kwa nyuma. Na yote aliyashona Lempi.

Leo kanipa jipya, la sufu, la miraba myekundu na myeusi. Zuri mno. Kisha akasema kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa kuliko ya juu, "Sikiliza, Onni. Shati nililoshona mimi likikatwa tena, ile bunduki ni yangu. Na risasi zake zote. Nitakachoifanyia usiniulize."

Nikaapa. Ataipeleka kwa muuza vyuma chakavu, namjua. Bunduki ya babu! Sitapata usingizi.

Jumapili, 13 Novemba

Nimelala vizuri sana. Na suluhisho limenijia kanisani, katikati ya mahubiri ya kusema kweli.

Kulikuwa na njia mbili nyingine. Ya kwanza, nisifyatue kabisa. Ya pili, nilenge vizuri. Nimezipima zote mbili nikaona hazina uhakika.

Njia yangu: pindo la bandia! Pindo halisi nalikunja kwenda juu, nalibana kwa pini. Chini yake nashona kipande kingine cha kitambaa hichohicho. Wakate wanavyotaka. Nikirudi nyumbani nalikunjua la kweli, zima, safi, na Lempi ananipikia.

Lempi alibaki kanisani kunywa kahawa na wenzake. Nikaingia kwenye kapu lake la kushonea. Kitambaa kilekile, miraba ileile, kipana, kimekunjwa vizuri chini kabisa. Mabaki, bila shaka. Kilikuwa na mistari ya chaki, sikujali. Nikakata kipande cha ukubwa wa sinia, kilichobaki nikakirudisha kama nilivyokikuta. Dakika nne tu! Watu wengine wamezaliwa na akili, hawawezi kujizuia.

Jumatatu, 14 Novemba

Tumefika kambini, mimi, Ensio na Mzee Sulo. Kambi ni ya Mzee Sulo. Ana miaka themanini na mbili, yeye ndiye mpishi na yeye ndiye mwenye mkasi, uleule wa kukatia kuku.

Nikamuuliza, kwa kupitisha muda tu, mtu akija na sweta badala ya shati inakuwaje. Akasema mwaka 1961 kuna mmoja alikuja na sweta, wakamkata suruali. Sikuuliza tena.

Jioni sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Wenzangu wakatangulia ndani kwenye joto. Mimi nikabaki chumba cha kuvulia nguo, nikasema naja, nafungua kamba za viatu. Nikatoa sindano. Shati langu lilikuwa limening'inia msumarini juu ya suti yangu ya ndani, ile ya kipande kimoja kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, yenye mlango wa vifungo nyuma. Taa ya mafuta ilikuwa hafifu. Ensio akapiga kelele, "Shemeji, viatu vyako vina kamba ngapi?" Nikashona haraka haraka.

Kasoro ndogo: nimeshona shati, pindo la bandia na mlango wa suti ya ndani, vyote pamoja. Nimegundua wakati wa kuvaa. Nikaingia katika vyote kwa mkupuo, kama mtu anayeingia kwenye gunia. Lakini nikifikiri vizuri, hii ni faida. Pindo limeshika imara zaidi. Ningekuwa mshonaji mzuri.

Jumanne, 15 Novemba

Siku ya kwanza! Theluji ya kifundo, upepo hakuna. Nikakaa kwenye kibanda changu cha kuvizia juu ya ndoo, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani, thelathini-thelathini sita kwenye bomba.

Saa mbili asubuhi, dume! Pembe za ncha nane. Hatua hamsini. Alisimama ubavu wazi, akaniangalia kama anayesubiri kupigwa picha. Nikafyatua. Akabaki. Klik-klak. Nikafyatua. Akapiga hatua mbili, akala kijiti. Klik-klak. Nikafyatua. Akaondoka kwa kutembea. Kwa kutembea!

Nimeikagua bunduki. Nzima. Nimezikagua risasi. Hazina kosa. Inawezekana nilifumba macho, lakini yote mawili, kwa hiyo kwa usawa.

Ensio alikuwa bonde la pili, kahesabu milio. Chakula cha jioni hakijaiva, tayari anaimba, "Pindo, pindo, shemeji leta pindo!" Mzee Sulo akaufuta mkasi kwenye aproni. Nikajifanya nasikitika. Nikaguna vizuri. Nikainama juu ya meza, Mzee akalivuta pindo kutoka ndani ya suruali, akasema kitambaa cha mwaka huu ni kinene sana, akakaza mkono, akakata.

Ubaridi. Ubaridi mahali pasipotarajiwa.

Kakata pindo la bandia pamoja na mlango wote wa suti ya ndani. Ensio alianguka kwenye benchi. Mzee Sulo akasema katika miaka sitini ya mkasi hajawahi kuona madirisha mawili yakifunguka kwa mkato mmoja.

Wacheke. Kitambaa kiko ukutani, jina langu juu yake, na pindo la kweli limelala salama mgongoni kwangu kwa pini mbili. Bunduki ni yangu! Nimelala mgongo wangu ukielekea jiko.

Jumatano, 16 Novemba

Suruali ya sufu bila kitu chini yake huwasha mahali ambapo mtu hawezi kujikuna mbele za watu. Nikaziba pengo kwa gazeti la wiki iliyopita. Joto zuri. Lakini kila nikipumua linapiga kelele. Majike watatu walikaribia hadi hatua arobaini, nikameza mate, gazeti likalia, wakatoweka.

Furaha ya leo: Ensio naye hana kitu. Dume alipita karibu naye, Ensio akamwangalia kwa ile chupa yake ya chai, akaona gome la mti tu, kubwa sana, na sisimizi mmoja aliyekufa. Hata hakufyatua. Nikamwambia msitu wetu ni wa thelathini-thelathini, hatua sabini basi, miti imesongamana. Akaniambia, "Shemeji, wewe hata ungefungiwa na kulungu chooni, angetoka salama." Mzee Sulo kacheka hadi kahawa ikamtoka puani. Kambi nzima haina nyama. Tumekula maharage.

Alhamisi, 17 Novemba

Lempi kaja na gari mchana, kaleta pasti, mikate ya kuoka iliyojazwa nyama na viazi, moto bado, zimefungwa kwenye taulo. Kabla hata ya kusalimia akanigeuza nyuma.

Nilikuwa tayari! Pindo nimelikunjua alfajiri. Zima! Akalipima kwa mkono, akatabasamu, akanibusu shavuni mbele ya kaka yake. Akasema, "Onni wangu, kumbe unaweza." Ensio akafungua mdomo kusema kitu, nikamtia kipande cha pasti.

Halafu Lempi akaenda kutundika koti. Msumari wa makoti uko ukuta uleule.

Akasoma jina. Akasoma mwaka. Akaushika mstari wa chaki kwa kidole. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya chini, mgongo wa shati la Ensio la Krismasi unafanya nini ukutani.

Hayakuwa mabaki. Lilikuwa shati la Ensio, la kufanana na langu, tayari limechorwa na kuunganishwa mabega. Nilikata katikati ya mgongo.

Nikajitetea. Nikasema ahadi ilihusu shati langu, na langu ni zima, kila mtu anaona. Akasema, "Nilisema shati nililoshona mimi. Hilo nani kalishona, kulungu?" Nikaomba kambi ipige kura. Ensio akanyoosha mkono dhidi yangu, kwa chuki ya shati. Mzee Sulo akanyoosha yote miwili, akisema mmoja ni wa marehemu baba yangu.

Nikampa bunduki. Nikampa na risasi, moja moja, kutoka mfukoni. Ya mwisho niliishikilia kidogo. Sioni aibu kuandika kwamba nililia. Nikamsihi asiipeleke kwenye vyuma chakavu. Lempi akanishangaa. Akasema nani kakwambia vyuma chakavu, akafungua pochi, akatoa leseni ya kuwinda. Ina jina lake. Tarehe ya Oktoba.

Oktoba! Shati lenyewe alianza kulishona Novemba!

Ijumaa, 18 Novemba

Kachukua kibanda changu. Ndoo yangu pia. Mimi nikabaki kambini kuosha vyombo na Mzee Sulo, nikiegemea karai kwa tahadhari, maana gazeti limeisha.

Saa tatu na nusu, mlio mmoja. Naijua sauti ile kati ya sauti elfu. Haipayuki. Inasema neno lake inanyamaza. Nikasubiri klik-klak na mlio wa pili. Haukuja.

Nikakimbia na sahani mkononi. Lempi amesimama kwenye theluji, shavu limemwiva kwa baridi. Dume, ncha kumi, hatua sabini na mbili, nimezipima mwenyewe mara mbili. Risasi moja nyuma ya bega. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema alifungua macho.

Nilimkumbatia nikaruka ruka naye! Thelathini-thelathini! Risasi ya babu! Ensio akaja anahema, akamwangalia dume, akaangalia chupa yake ya chai, halafu akauliza polepole zile boksi nilizinunua duka gani. Niliuliza arudie. Akarudia. Siku nzuri kuliko zote za maisha yangu, na mtu wa haki atakubali kwamba niliipanga. Nisingekata kile kitambaa, yote haya yasingetokea.

Jioni tukala maini na vitunguu. Nikanyoosha mkono kuichukua bunduki niisafishe. Lempi akaupiga ule mkono wangu kwa mwiko.

Jumapili, 20 Novemba

Nyumbani. Bunduki iko upande wake wa kitanda. Zile boksi za darini kazihamishia kwenye kabati lake na funguo anazo yeye. Asubuhi nimemsikia akiwaeleza wanawake wa kanisani habari za pua bapa, maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, nao wanamsikiliza!

Nimekaa nikafikiri. Shida ni kwamba Lempi hajawahi kujaribu bunduki ya kisasa. Akiipata ya darubini, tena zawadi, ataipenda mwenyewe, na ya babu atanirudishia bila ugomvi. Ensio sasa haitaki ile yake. Nimempigia simu Lempi alipokuwa anaoga. Amekubali tubadilishane kwa mashine yetu ya kuondolea theluji. Anakuja kuichukua kesho mapema, kabla Lempi hajaamka. Hatagundua chochote hadi Krismasi.

Mwaka huu theluji haitakuwa nyingi, mimi naijua hali ya hewa ya huku. Imeanguka inchi kumi na nne tangu adhuhuri na mlango wa mbele haufunguki, lakini hii ni ya kupita tu.