Daftari la Abiria wa Guangzhou

Jumatatu, 9 Juni 2025. Masumbwe.

Wachimbaji wamekubali! Mimi mwenyekiti wao, na katibu Makoye, tunaruka kwenda Guangzhou kuchagua karasha jipya la kusagia mawe. Wameweka sharti: nisipofika kwenye hilo karasha, uenyekiti unakwenda kwa Makoye. Wivu tu. Mtu mwenye tiketi atashindwaje kufika?

Mihir wa duka la vipuri pale Kahama, anayekwenda China kila mwaka, kanidokeza kwamba ndege ikichelewa sana abiria wanadai chakula, na ikilala wanadai hoteli. Haki! Nimefurahi kuliko safari yenyewe.

Jumatano, 11 Juni. Uwanja wa ndege, Dar.

Niliomba ndege ichelewe. Imechelewa! Masaa matatu mazima. Makoye analalamika njaa. Mshamba yule.

Kwetu duarani, kwenye shimo la machimbo, asiyeandikwa kwenye daftari hana mgao wa mawe, hata awe amechimba wiki nzima. Basi nikafungua daftari. Jina, namba ya kiti, sahihi. Foleni ikajipanga yenyewe. Akaja dada wa shirika, anaitwa Suzana, akaniambia chakula kiko tayari, kila mtu aonyeshe tiketi tu. Nikamwambia asubiri zamu yake. Watu wakaenda kula. Mimi sikula. Mwenyekiti hula mwisho.

Tukatangaziwa kupanda. Makoye akanivuta shati, nikamkemea kwamba nimebakiza watu kumi na wawili. Hao kumi na wawili wakanikimbia wakapanda, waroho wakubwa! Nikabaki kujumlisha sahihi, maana daftari halifungwi bila jumla. Suzana alinifuata mara tatu.

"Mzee, mlango unafungwa."

Nikamweleza kwa upole kwamba hauwezi kufungwa kabla ya daftari. Ukafungwa.

Kumbe begi haliruki bila mwenyewe! Wakalitafuta langu saa nzima, abiria wote wamekaa ndani wananuna. Nikawaongezea kwenye daftari: ucheleweshaji wa pili.

Alhamisi, 12 Juni. Bado Dar.

Nimedai hoteli. Suzana kasema aliyekataa kupanda hadai kitu, na huo ucheleweshaji wa pili ni wangu mimi. Nimemwandika naye.

Jumamosi, 14 Juni. Nyumbani.

Makoye katuma picha kwenye kundi la simu. Amelikumbatia karasha! Meno yote nje. Nimeumia, sitaki kusema uongo. Miaka sita ya uenyekiti.

Mke wangu Asteria hakunigombeza. Alilichukua daftari, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, majina sitini na nane. Akanitazama.

"Baba Limi, la kwako liko wapi?"

Mwenyekiti hujiandika mwisho.

Jumapili, 15 Juni.

Mkutano ulikuwa mfupi. Mzee Boaz, mchimbaji wa siku nyingi, kakumbusha kwamba asiyeandikwa hana mgao, kisha wakapiga kura. Makoye mwenyekiti. Hata Asteria, naye mwanachama, alinyoosha mkono, tena wa kwanza.

Nimekaa nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Daftari lilikuwa dogo! Ningekuwa na kubwa, lenye mistari iliyochorwa tayari, ningemaliza mapema.

Makoye anatua Mwanza Jumatano. Ndege yake lazima itachelewa. Nimeshanunua daftari la kurasa mia mbili, na safari hii jina langu nimeliandika kabla ya mengine yote. Nitakaa mlangoni pa kutokea. Hatoki mtu bila sahihi.