Mananasi Kumi na Mawili na Sufuria ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nitakeneka pombe kali ya matunda, ile ya chupa ndogo nzuri yenye kizibo cha mbao. Nimesoma habari zake kwa kinyozi, kwenye gazeti lisilo na ukurasa wa kwanza. Watu wanaitengeneza kidogo kidogo, kwa ufundi, na wanaheshimika. Mimi nimesoma mita za maji miaka ishirini na sita. Mabomba nayajua. Kilichobaki ni kunasa mvuke wa pombe inayochemka, na mvuke ni maji yenye haraka.

Nimenunua mananasi kumi na mawili. Mama mkwe amenisaidia kumenya. Tangu mke wangu afariki, miezi minne sasa, tunaishi wawili tu humu ndani na hatuna mengi ya kuambiana. Kazi ya mikono imetufaa. Aliuliza kama tunapika jemu. Sikumkosoa. Akaanza kuimba taratibu huku akimenya. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mazishi.

Nimetia sukari na hamira. Ndoo ziko chini ya meza.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi ya leseni. Afisa ni mama mmoja mwenye sweta begani na kalamu tatu mezani. Alitaka ramani ya jengo, cheti cha zimamoto na jina la mtaalamu. Nikasema mtaalamu ni mimi. Akaandika: hakuna. Akaniambia bila kibali nisikeneke hata tone moja. Nimelichukua kama ushauri.

Njiani nikakutana na jirani, fundi wa friji, mtaa mzima humwita Baridi. Akasema kinywaji changu mbona kina jina tayari, ni ile pombe ya kichochoroni. Nikamwambia kuna tofauti kubwa. Akauliza tofauti gani. Nikasema kizibo. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wivu huo.

Ndoo zinanong'ona chini ya meza kama watu wa msibani. Mama mkwe ameuliza ni jemu gani hii inayosema. Ikabidi nikiri. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba sukari ile ilikuwa ya mwezi mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Kipimajoto ninacho, na bomba la shaba pia. Baridi kaniuzia, kalikunja vizuri, kisha kanisihi nitafute chombo madhubuti chenye kifuniko cha kujifunga kwa skrubu. Nimezunguka soko zima. Hakuna.

Nikakumbuka stoo. Sufuria kubwa ya marehemu ilikuwa kule juu, imefungwa kwenye shuka. Ndiyo aliyokuwa akipikia harusi za watu, na misiba yao. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mimi. Nimeishusha. Nimeifungua. Nikatoboa kifuniko katikati, bomba lipite.

Chuma kinapiga kelele mbaya kikitobolewa. Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni. Akauliza kama hiyo si ya mwanawe. Nikamjibu kwamba sasa ni mtaji. Akalitazama lile tundu, kisha akarudi chumbani kwake.

Chakula cha jioni kilikuwa sahani moja. Alisema ameshiba. Sikumwona akila.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alikwenda ibadani. Mimi nikawasha jiko.

Nilimimina ndoo sufuriani, nikazungushia kifuniko unga uliokandwa, ili mvuke usitoroke. Saa nne hivi asubuhi tone la kwanza likatoka kwenye bomba. Likafuatwa na la pili. Nilikaa juu ya ndoo nikaangalia mpaka macho yakajaa machozi. Nilitaka kumwita mtu aje aone. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwita, ndipo nikakumbuka mke wangu hayupo tena.

Labda ndipo nilipoacha kuangalia moto. Unga ulikauka, ukapasuka, mvuke ukashika moto upande mmoja. Pazia likawaka. Baridi aliruka ukuta na gunia bichi akazima kila kitu, mimi nikiwemo. Akasema mtu aliyesoma mita miaka ishirini na sita ameshindwa kusoma kipimajoto kimoja. Nyusi sina.

Sufuria imeungua chini, imekuwa nyeusi tii. Mavuno: nusu glasi.

Mama mkwe alirudi. Aliitoa sufuria nje, akaisugua kwa mchanga mchana kutwa. Nikamfuata. Nikamwambia, ili kumfariji, kwamba kinywaji nitakipa jina la marehemu, liandikwe kwa dhahabu kwenye kila chupa.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwanangu hakuonja pombe hata siku moja. Jina lake liache lipumzike."

Jumanne, 11 Machi

Nimeipeleka ile nusu glasi kwa afisa wa leseni, kama sampuli. Nilidhani akinusa ataelewa. Alinusa. Akauliza kama nakumbuka alichoniambia Jumatano. Nikasema neno kwa neno. Akainuka, akaimwaga kwenye chungu cha maua dirishani, akaniandikia barua ya onyo. Wakaguzi watakuja Jumamosi.

Maua yalikuwa yananyauka tangu zamani. Isije ikasemwa ni pombe yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji amekuja na gari kumchukua mama yake. Nilifikiri ni matembezi. Nikaona sanduku.

Mama mkwe hakuchukua kitu kingine cha marehemu ila sufuria ile, na kifuniko chake. Aliipakata kwenye kiti cha nyuma. Niliinama dirishani nikamuuliza kama nimemkosea.

Akasema, "Sina kinyongo na wewe, baba. Lakini kila nikiliona tundu lile, naona ni yeye umemtoboa."

Nikamwambia tundu linazibika, kuna fundi pale kona, ni kazi ya dakika kumi. Maneno yote yaliyopo duniani, nikapata hayo.

Shemeji akawasha gari. Nilisimama getini mpaka walipokata kona, kisha nikasimama tena kidogo. Ndani, chakula changu kilikuwa mezani, kimefunikwa. Bado kina moto.

Jumamosi, 15 Machi

Wakaguzi wamekuja wawili. Wamechukua ndoo, bomba na kipimajoto. Waliuliza kama naishi na mtu. Nikasema hapana. Mara ya kwanza kulitamka.

Baridi alikuja baadaye na mkate. Tulikaa jikoni kwenye masizi. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku mke wangu alipokata roho, mimi nilikuwa kwenye semina ya ufugaji wa sungura. Aliniomba nisiende. Nilimwambia nitarudi mapema.

Baridi hakucheka. Alikata mkate, akanipa kipande kikubwa.

Jumatatu, 17 Machi

Shemeji amepiga simu. Mama hali chakula vizuri. Shemeji ameniomba niende Jumapili, nisipeleke kitu, nisieleze kitu, nikae naye tu. Nimekubali. Nimejiapiza. Biashara basi.

Nikaenda kutafuta shati la heshima. Nikafungua kabati la mke wangu badala ya langu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Magauni yote yananing'inia kama alivyoyaacha. Sabuni yake bado iko humo, harufu yake. Nimeketi sakafuni na lile la bluu magotini, nikalia mpaka jua likahama dirishani.

Ndipo nikaona mfumo wa kitambaa. Uzi mwembamba, umeshikana, hakuna hata kitanzi kilicholegea. Sijaona kichujio cha divai kama hiki. Na barua ya onyo nimeisoma upya: inakataza pombe kali. Divai haikutajwa popote.

Mama atafurahi nikimpelekea chupa ya kwanza.

Nimekata mkono mmoja tu wa gauni.